Alternate ROOTS

'''Alternate ROOTS''' ni shirika la wasanii wa Kusini mwa Marekani lenye makao yake mjini Atlanta, Georgia. Lilianza mwaka 1976 kama muungano wa vikundi vya maigizo vya kijamii. Leo linahudumia majimbo 14 pamoja na Washington, D.C., na hutoa ruzuku kwa wasanii ambao kwa kawaida hawafikiwi na wafadhili wakubwa.

Neno ROOTS ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Shirika la Kikanda la Vikundi vya Maigizo vya Kusini. Likisomwa kama neno la kawaida, maana yake ni "mizizi". Jina linataja maigizo tu, ingawa siku hizi wamo pia wanamuziki, washairi na wachezaji dansi.

== Historia ==
Shirika liliundwa katika kituo cha elimu ya watu wazima cha Highlander, Tennessee. Rosa Parks alihudhuria semina ya Highlander mwaka 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi mjini Montgomery.

Miongoni mwa vikundi vya mwanzo kulikuwa na Carpetbag Theatre cha Waamerika Weusi wa Knoxville na Roadside Theater cha milima yenye migodi ya makaa ya mawe, Kentucky. Vyote viwili vilitunga michezo kutokana na masimulizi ya wenyeji wao. Shida yao ilikuwa moja: fedha za sanaa zilielekea zaidi New York na miji mingine mikubwa, na mwigizaji wa kijijini alihesabiwa kuwa mtu wa kujifurahisha tu.

== Ruzuku ==
Ruzuku si mkopo, hairudishwi. Baadhi hupewa msanii binafsi ili ajiendeleze au atunge kazi mpya. Mpango wa ''Partners in Action'' una sharti zito zaidi: msanii hufanya mradi pamoja na jamii husika, naye hugawana nayo madaraka ya uamuzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa taasisi za hisani na serikali, hivyo shirika halijitegemei kikamilifu.

== Mkutano wa mwaka ==
Wanachama hukutana kila mwaka kuonyeshana kazi. Hutumia utaratibu wa uhakiki uliobuniwa na mcheza dansi Liz Lerman: msanii ndiye huanza kuuliza maswali, na mtazamaji hasemi kasoro aliyoiona kabla ya kuomba ruhusa yake.