Jinsi ya kuunda mashine za mboji kwa pipa kuukuu na baiskeli mbovu

MNOAJI visu anapoingia mtaani, huisimamisha baiskeli yake kwa stendi, akakalia tandiko na kuanza kunyonga pedali. Baiskeli haiendi popote. Nguvu za miguu yake huzungusha jiwe la kunolea. Kanuni hiyo hiyo yaweza kumfaa mkulima mdogo katika kazi inayowashinda wengi, yaani kuandaa mboji.

Wanaoacha kutengeneza mboji aghalabu hawaachi kwa kukosa takataka, bali kwa kuchoshwa na uma na sepetu. Biwi la mboji sharti ligeuzwe mara kwa mara ili hewa ipenye, na mboji ikishaiva huchekechwa. Kazi hizi mbili ndizo zinazovunja mgongo, na ndizo zinazoweza kurahisishwa kwa vifaa vilivyotupwa.

Umuhimu wa mboji ulidhihirika mwaka wa 2022, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya viwandani ilipopita Sh6,000, kabla ya serikali kutoa mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 mnamo Septemba mwaka huo. Mwaka uo huo, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilianza kuwataka wananchi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Ni kweli kuwa mboji haina naitrojeni nyingi kama mbolea ya dukani. Hata hivyo, huufanya udongo ushike maji na hupunguza kiasi cha mbolea ambacho mkulima analazimika kununua.

Pipa la kuzungusha

Kifaa cha kwanza ni pipa la plastiki la lita 200, lililolazwa ubavu juu ya miguu miwili ya mbao au chuma. Bomba la maji la inchi moja na nusu hupitishwa katikati, kutoka kitako hadi mdomoni, liwe mhimili. Ubavuni hukatwa mlango wa sentimita 30 kwa 40, ukafungwa kwa bawaba na komeo. Matundu ya hewa ya milimita 12 hutobolewa pande zote na kuzibwa kwa wavu mwembamba ili nzi wasiingie.

Ndani ya pipa hufungwa vipande vitatu vya mbao kwa urefu wake. Bila vipande hivyo, mboji huteleza chini pipa linapozunguka na haigeuki hata kidogo.

Kosa la kawaida ni kulizungusha pipa kwa mkono wa pedali. Mkono huo una urefu wa takriban sentimita 17, ilhali pipa lililojaa nusu huweza kubeba kilo 50 au zaidi, zote zikiwa zimelalia upande mmoja. Mzungushaji atachoka upesi. Ni bora kufunga vishikio kwenye mzingo wa pipa lenyewe, mbali na mhimili, kwani kadiri mkono ulivyo mbali na katikati ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi.

Pipa lisijazwe kupita theluthi mbili. Lizungushwe mara nne au tano kila baada ya siku mbili au tatu.

Chekecheo la rimu

Kifaa cha pili huhitaji rimu tatu za baiskeli. Hizi si adimu, hasa magharibi mwa nchi. Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli, lakini pikipiki zimeitwaa kazi hiyo na kuziacha baiskeli nyingi zikiota kutu nyuma ya nyumba.

Rimu hizo hupangwa kwa umbali wa nusu mita na kuunganishwa kwa vyuma vinne vyenye urefu wa mita moja. Kisha huzungushiwa wavu wa matundu ya nusu inchi, mfano wa ule wa kuanikia kahawa. Rimu yenye kipenyo cha sentimita 60 huhitaji wavu wa sentimita 190 kuizunguka.

Spoku hutolewa katika rimu zote. Rimu ya upande wa juu huwekewa mikono minne ya chuma badala yake, nayo huunganishwa na kitovu cha gurudumu kilichofungwa kwenye fremu. Mboji hutiwa kupitia mapengo ya mikono hiyo chekecheo likiwa limesimama. Rimu ya upande wa chini hukalia magurudumu mawili madogo, kwa mfano ya kiti cha ofisi. Upande wa juu uinuliwe sentimita tano hadi nane ili vipande vikubwa vijisukume hadi nje, huku mboji laini ikidondokea turubai lililotandazwa chini.

Fundi asipokuwa makini, ataharibu kazi kwenye gia. Baiskeli imeundwa kwenda kasi. Gia ya mbele yenye meno 44 huzungusha gia ya nyuma yenye meno 18, hivyo pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Chekecheo linahitaji kinyume cha hayo. Gia ndogo ichomelewe penye pedali na ile kubwa kwenye kitovu cha chekecheo.

Anayenyonga mara 60 kwa dakika atalizungusha chekecheo karibu mara 25, kasi inayofaa. Likifika mizunguko 55 kwa dakika, mboji itaanza kung'ang'ania wavu badala ya kudondoka.

Mashine za aina hii si ndoto. Mjini San Andrés Itzapa, nchini Guatemala, shirika la Maya Pedal limekuwa likigeuza baiskeli kuukuu kuwa mashine za kusaga nafaka na kupiga maji tangu 1997.

Tahadhari

Si kila chakavu kinafaa. Pipa lililowahi kuwa na dawa ya wadudu lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi, kwa kuwa plastiki hunyonya sumu. Yafaa kutafuta lililobeba mafuta ya kupikia, sharubati au sabuni.

Mapipa ya chuma yana hatari kubwa zaidi. Lililokuwa na petroli, rangi au tina huweza kulipuka likiguswa na moto wa kuchomelea, hata kama linaonekana tupu, kwani mvuke hubaki ndani. Wako mafundi waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki nayo hutoa moshi wenye madhara yanapochomelewa; rangi hiyo ya zinki ikwanguliwe kwanza na kazi ifanyiwe nje. Mnyororo ufunikwe ili usinase vidole vya watoto.

Aidha, mnunuzi aulize chuma kimetoka wapi na adai risiti. Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kuanzia Januari hadi Mei 2022 kufuatia uharibifu wa nguzo za umeme, na anayepatikana na mali ya umma iliyoibwa huwajibika kisheria.

Mashine haipiki mboji

Chombo chochote hakichukui nafasi ya mchanganyiko sahihi. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, kama maganda ya ndizi na mabaki ya sukumawiki, tia ndoo mbili za taka kavu, kama majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa au maranda. Mchanganyiko uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Ukinuka uvundo, umezidi maji au umekosa hewa.

Vilevile, pipa la lita 200 halihifadhi joto kama biwi la mita moja kila upande. Vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu huuawa na joto la nyuzi 55 linalodumu kwa siku tatu au zaidi, na pipa dogo huenda lisifike hapo. Kwa hivyo, kinyesi cha mbwa na mimea yenye ugonjwa isitiwe ndani.

Baada ya majuma sita hivi, mboji ihamishiwe chini ya kivuli, ifunikwe na kuachwa mwezi mmoja ipoe, ndipo ichekechwe. Vipande vikubwa virudishwe pipani vianzishe mboji mpya.

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mashine hizi hazimwondolei mkulima kuinama, ila humpunguzia muda wa kukaa ameinama, na huenda hiyo ndiyo tofauti kati ya anayeendelea na anayekata tamaa.