Roboti za Kufundishia: Kutoka Kobe wa Papert hadi Sheria ya Brussels

Roboti ya kufundishia iliingia darasani ikiitwa kobe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Seymour Papert na wenzake nchini Marekani walibuni Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, kisha wakaunda kiroboti cha magurudumu kilichotambaa sakafuni na kuchora mstari kwa kufuata amri: mbele 100, kulia nyuzi 90. Mtoto aliyekosea pembe aliliona kosa lake pale pale chini, akalisahihisha mwenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa roboti za kuunganisha zilizoitwa Mindstorms, jina la kitabu cha Papert cha 1980.

Mjini Brussels, suala la roboti darasani lilihamia ofisini. European Schoolnet, mtandao wa wizara za elimu ulioanzishwa 1997, una makao yake Rue de Trèves, ndani ya mtaa wa Ulaya (Quartier européen), jirani na Bunge la Ulaya. Januari 2012 ulifungua Future Classroom Lab, darasa la mfano lenye kanda sita ambako walimu hujaribu vifaa vipya, roboti zikiwemo. Mwaka 2013 ikaanza EU Code Week, wiki ya kila mwaka ya kuwafundisha watu kuandika programu.

Wakati huo roboti yenyewe ilikuwa imebadilika: badala ya kuamriwa na mtoto, sasa ilitakiwa imfundishe. Umoja wa Ulaya uligharimia mradi wa L2TOR, ulioanza 2016, kupima kama NAO, roboti yenye umbo la mtu na kimo cha sentimita 58, inaweza kufundisha lugha ya pili. Nchini Uholanzi, takriban watoto 200 wa miaka mitano walipewa masomo saba ya msamiati wa Kiingereza. Maneno waliyashika kweli, lakini waliofundishwa na roboti hawakuwazidi waliotumia kishikwambi peke yake. Kwa bei ya NAO mmoja shule hununua vishikwambi kadhaa, kwa hiyo hoja ya kobe wa Papert bado ina nguvu: faida kubwa humwendea mtoto anayeiamuru roboti.

Roboti inayofundisha sasa ina mipaka ya kisheria pia: Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imeweka mifumo ya kupima matokeo ya wanafunzi katika kundi la hatari kubwa. Tangu tarehe 2 Februari 2025, ni marufuku katika shule za Umoja wa Ulaya kutumia mashine inayosoma hisia za mwanafunzi usoni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.