Ni Nani Anayetuchagulia Picha?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wetu alitungoja mlangoni mwa vestri. Ana kijana wa miaka 12 na binti wa miaka 9. Akatuambia, "Kasisi, tuandikieni orodha ya sinema ambazo watoto waweza kutazama. Tuibandike ukutani, maneno yaishe." Tuliitoa kalamu kwa furaha. Kisha mkono ukawa mzito, maana tulikumbuka kwamba kanisa limekwisha kuandika orodha ya namna hiyo zamani, na yaliyotokea yajulikana.

Habari yenyewe ni ya Marekani. Mwaka 1930 makampuni ya sinema ya Hollywood yalikubali kufuata kanuni ya maadili. Walioitunga walikuwa Martin Quigley, mchapishaji wa magazeti ya biashara ya sinema, na Daniel Lord, padre Mjesuiti. Watu wakaiita Kanuni ya Hays, kwa jina la Will Hays aliyekiongoza chama cha makampuni hayo. Huyu Hays alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri, kwa hiyo Waprotestanti tusidhani kwamba twasimulia mambo ya jirani.

Kwa miaka minne kanuni ile ilibaki karatasi tu. Nyakati zilikuwa ngumu, viti vilikuwa vitupu, na makampuni yalitoa chochote cha kuvuta watu. Ndipo mwaka 1934 maaskofu wa Kikatoliki wakaanzisha Jeshi la Adabu, na mamilioni ya waumini wakaahidi kutokwenda kutazama picha chafu. Waprotestanti na Wayahudi wengi wakawaunga mkono. Wenye makampuni walipoona fedha zinawakimbia, walitii mara moja. Joseph Breen akawekwa ofisini, na kampuni iliyotoa picha bila muhuri wake ilipaswa kulipa faini ya dola 25,000. Jeshi la Adabu nalo likawa na orodha yake: picha za A hazikuwa na neno, za B zilikuwa na walakini, na za C zilihukumiwa kabisa.

Tusiwacheke watu wale. Walikuwa wazazi kama sisi, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini tazameni kanuni yao ilivyokuwa. Pamoja na kukataza uchafu, ilikataza pia kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi. Jambo hilo liliandikwa humo kama dhambi miongoni mwa dhambi, na halikuondolewa mpaka 1956. Mwaka 1939 ikaja picha kubwa, Gone with the Wind. Mwenye kuitengeneza, David O. Selznick, alibishana na ofisi ya Hays juu ya neno moja la laana mwishoni mwa picha, hata kanuni yenyewe ikabadilishwa kidogo ili neno lile lipite. Lakini picha nzima ilionyesha utumwa kama maisha matamu, watumwa wakiwapenda mabwana zao, na hilo halikuizuia kupata muhuri. Wamarekani weusi waliandamana nje ya majumba ya sinema. Hattie McDaniel, mwanamke mweusi aliyecheza humo kama mtumishi, alipewa tuzo ya Oscar mwaka 1940, na usiku ule akaketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake weupe.

Huku Afrika Mashariki nako kulikuwa na waliotuchagulia. Tangu 1935 hadi 1937, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema huko Vugiri, Tanganyika. Zilitoka picha kama 35, juu ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta. Mafundisho mengine yalikuwa mema. Ila waliyatunga kama watu wanaolea watoto, na hao watoto walikuwa babu zetu wenye ndevu.

Orodha zile zimekwisha. Tangu 1968 Wamarekani hutumia herufi za kuonyesha umri, nazo pia zimerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 1984 wazazi walilalamika kwamba picha za Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zilizoruhusiwa watoto wakiwa na uongozi wa wazazi, ziliwatisha mno wadogo. Katika mojawapo mtu anang'olewa moyo kifuani! Ndipo ikaongezwa alama ya PG-13. Hapa Kenya tuna GE, PG, 16 na 18. Alama hizi zina faida, nasi twazitazama kwanza. Zatuambia juu ya damu, matusi na uchi. Juu ya nani anadharauliwa ndani ya picha, hazisemi kitu.

Basi, orodha hatukuiandika. Tulimwomba yule mama atukaribishe Jumamosi jioni, tukaketi na jamaa yote mbele ya televisheni. Picha ilikuwa na alama ya GE, ya kuchekesha, wala haikuwa na tusi hata moja. Katikati yake tajiri alimpiga mpishi wake kwa mwiko kwa sababu ya wali ulioungua, naye mpishi akazungukazunguka meza akipiga mayowe.

"Baba," yule kijana akauliza, "mbona anapigwa na watu wanacheka?"

Baba yake alitutazama. Sisi wenyewe tulikuwa tumecheka, tena kwa sauti. Akazima televisheni, tukazungumza mpaka chai ikapoa: juu ya msichana anayewasaidia kazi pale nyumbani, jinsi anavyoitwa, na saa anayokula. Mama alisema machache. Baadaye binti akaomba picha imalizike, ikawashwa tena. Tuliitazama mpaka mwisho, kila mmoja akimngoja yule mpishi. Hakuonekana tena.