Gololi hushuka bure, kupanda kunalipiwa

KINDU – Mashine ya gololi ya ukutani haihitaji vitu vingi: ubao, mianzi iliyopasuliwa, waya na misumari. Gololi, ambayo watoto wengi huiita bili, huachiliwa juu, hufuata mfereji mmoja hadi mwingine, hugonga kopo, kisha hutulia chini. Hadi hapo kazi ni nyepesi, kwani uzito wa gololi yenyewe ndio unaoifanya. Jambo lililowaumiza vichwa mafundi kwa miaka zaidi ya 800 ni kuirudisha juu.

Al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, mji ulioko leo Uturuki, alieleza saa yake ya tembo katika kitabu cha mwaka 1206. Kila nusu saa tufe dogo lilidondoka kutoka mdomo wa kipanga na kuingia kinywani mwa nyoka. Nyoka alilemewa, akainama, na tufe likaanguka na kutoa mlio. Leo mfano mkubwa wa saa hiyo unaonekana Dubai, katika jengo la maduka la Ibn Battuta. Lakini matufe yalipokwisha juu, ilibidi mkono wa mtu uyarudishe. Ajabu ni kwamba kitabu hichohicho kina mitambo ya kupandisha maji, mmojawapo ukiwa na mnyororo wa vyombo. Mnyororo wa namna hiyo ndio unaopandisha gololi katika mashine nyingi za sasa.

Mwaka 1808, Mwingereza William Congreve alipita njia nyingine. Katika saa yake, tufe lilishuka kwenye mfereji wa kona nyingi uliochongwa juu ya sahani. Likifika mwisho liligusa wenzo, na springi ikainamisha sahani upande wa pili: palipokuwa chini pakawa juu. Tufe halikubebwa, lakini springi ilipaswa kukazwa kwa mkono.

Mota ya umeme ndiyo iliyoupumzisha mkono huo. Mwaka 1983, Mmarekani George Rhoads aliweka mashine kubwa ya matufe katika kituo cha mabasi cha Port Authority, New York, ambamo mota ilipandisha matufe na wasafiri wakasimama kutazama.

Kindu inaijua hesabu hii kupitia Lualaba. Maji hushuka yenyewe hadi Kisangani, lakini mizigo hukwama kwenye maporomoko. Ndiyo maana kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, zikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu meli zilipanda hadi Kindu, na kutoka Kindu reli nyingine ikaelekea Kongolo ili kukwepa maji makali ya Lango la Jehanamu. Mkondo humsaidia anayeshuka; anayepanda hulipia kuni, makaa au mafuta. Injini ikikosekana, magunia hulundikana ukingoni, kama gololi zilizojaa chini ya ukuta.

Kwa gololi, bei hiyo ni ndogo. Gololi ya kioo ina uzito wa takriban gramu 5. Kuipandisha moja kila sekunde kwa urefu wa mita 1 kunahitaji kama sehemu moja ya 20 ya wati. Hata msuguano ukila nguvu mara kumi ya hiyo, mota ya redio ya kaseti iliyokufa na betri inayochajiwa kwa jua vinaweza kutosha.

Shida ni kwamba mota hiyo huzunguka mbio na nguvu yake ni kidogo. Dawa yake ni kapi dogo kwenye mota, gurudumu kubwa kwenye kipandishio, na mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Vifuniko vya chupa vikifungwa kwenye gurudumu kwa kuinamishwa kidogo, huchota gololi chini na kuzimwaga juu.

Mifereji nayo iwe na mteremko mdogo, maana gololi yenye mbio huruka nje kwenye kona. Na kipandishio kibebe gololi nyingi kama zinazoshuka, zisije zikarundikana. Kwa hiyo fundi mwenye busara hujenga kipandishio kwanza, akakijaribu kwa saa nzima, ndipo akapigilia mfereji wa kwanza ukutani.