Eropleni Ndogo: Bei Yake na Gharama za Kuitunza

Watu wa Ujiji wajua tangu zamani ya kuwa bei ya kitu na gharama yake ni mambo mawili mbalimbali. Nguo iliyonunuliwa rahisi Bagamoyo haikufika hapa ziwani kwa bei ile, maana wapagazi walilishwa njiani miezi mingi, na wakubwa wa Uha na Uvinza walilipwa hongo. Leo twataka kuitumia hesabu hiyo kwa eropleni ndogo yenye injini moja.

Eropleni zilifika ziwani kwetu kwa ajili ya vita. Katika mwaka 1916 Waingereza waliwaazima Wabelji eropleni nne za Short, zenye kuelea juu ya maji. Kila moja ilichukua watu wawili tu, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 150. Zilitiwa katika masanduku, zikaletwa kwa meli mpaka Matadi, kisha kwa reli na kwa mto Kongo, hata zikafika ng'ambo ya ziwa. Mawimbi yalikuwa makali, ikabidi patafutwe maji matulivu karibu na Mtoa. Mwezi wa Juni zikaangusha mabomu Kigoma, ilipokuwapo Graf von Götzen, meli ya Wadachi.

Basi fikirini: ili watu wawili wapae, wangapi walitumika chini? Palitakiwa mafundi, wajenzi wa mabanda na wachukuzi, na petroli ilitoka mbali. Tena mbao na nguo za mabawa huharibiwa na jua na unyevu. Wadachi waliizamisha meli yao wenyewe Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Eropleni ya mbao na nguo haiwezi kuachwa hivyo hata kidogo.

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways huko Nairobi, akianza na Gipsy Moth. Eropleni hiyo iliuzwa Uingereza yapata pauni 650, na mabawa yake yalikunjwa, hata banda dogo likaitosha. Lakini pamoja na rubani ilichukua abiria mmoja tu, naye peke yake aliubeba mzigo wa gharama yote.

Siku hizi twaweza kuzilinganisha Cessna 206 na Cessna Caravan. Ya kwanza huchukua watu 6 pamoja na rubani, na bei yake ni ndogo zaidi. Lakini hutumia petroli ya eropleni, ambayo katika Afrika ni ghali na adimu. Caravan ni ghali zaidi kununua, na kwa saa moja hula mafuta mengi zaidi. Lakini mafuta yake ni ya jamii ya mafuta ya taa, hupatikana kwa urahisi zaidi, na abiria wake ni wengi. Ikijaa watu, gharama ya kila mmoja hupungua. Ikiwa ni kumchukua mgonjwa mmoja, ile ndogo yafaa zaidi, maadamu petroli ipo.

Tena kuna gharama zisizongoja safari: banda, mlinzi, bima, na ukaguzi wa fundi. Tuseme kwa mfano tu kwamba hizo ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Eropleni ikiruka saa 100, kila saa hubeba shilingi 60. Ikiruka saa 300, kila saa hubeba 20 tu. Basi eropleni isiyoruka ndiyo iliyo ghali kuliko zote.

Mwenye mtumbwi ajua haya, maana chombo kilicholala ufukoni hupasuka kwa jua. Kwa hiyo mji ukipewa eropleni, hata bure, yapasa kuuliza kwanza: Fundi ni nani? Mafuta yatatoka wapi? Itaruka saa ngapi kwa mwaka? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.