Mbawakawa Waigao Nyigu: Historia ya Uchunguzi wa Mwigo katika Nchi za Miombo

Kasumbalesa, mji wa mpakani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi kwenye barabara iendayo Zambia, umejengwa juu ya mgongo wa nchi unaoyagawa maji, upande mmoja yakielekea mto Kongo na upande wa pili Zambezi. Mgongo huo ndio uliochaguliwa kuwa mpaka katika mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha ukawekewa alama na tume ya Waingereza na Wabelgiji kati ya miaka 1911 na 1914. Pande zake zote mbili ni nchi ya miombo, yaani misitu ya miti iliyoachana, hasa ya jenasi za Brachystegia na Julbernardia, ambayo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua kabla ya mvua kuanza.

Miongoni mwa wadudu wanaoitegemea miti ya namna hiyo wamo mbawakawa wa familia ya Cerambycidae, yenye spishi zaidi ya 30,000 duniani, wanaotambulikana kwa papasi zao ndefu ambazo mara nyingi huupita mwili kwa urefu. Baadhi yao hufanana na nyigu. Anayejulikana zaidi ni Clytus arietis wa Ulaya, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, mwenye mwili mweusi uliozungushwa mikanda ya manjano, ambaye hutembea kwa kushtukashtuka huku akitikisa papasi kama nyigu anayetafuta mawindo, ingawa hana mwiba wala sumu. Na kabila lake, Clytini, lina spishi zake barani Afrika pia. Buu la Clytus arietis hutoboa mti uliokufa na kuishi humo kwa muda wa miaka miwili hivi, likila ubao, kabla ya kugeuka mdudu kamili na kutoka nje kwa majira mafupi.

Maelezo ya kisayansi ya mfanano huo yalitolewa na Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa Amazon tangu 1848 hadi 1859, na ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa mbawakawa wa familia hii. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1862 alieleza kwamba kiumbe asiye na kinga hunusurika kwa kufanana na kiumbe mwenye kinga. Ndege aliyekwisha kuumwa hujifunza kuziepuka rangi fulani. Hoja hiyo ina sharti lake: mwigaji hafaidiki isipokuwa anayeigwa yupo kwa wingi wa kutosha kumfundisha adui, kwani ndege anayekutana na waigaji watupu hujifunza kuwala.

Lakini hoja ilihitaji majaribio, na sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanyika Afrika. Guy Marshall, aliyefanya kazi Mashonaland, katika Zimbabwe ya leo, kati ya 1896 na 1901, aliwapa nyani na wanyama wengine wadudu wa rangi mbalimbali na kuandika walichokula na walichokikataa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1902. Huko Uganda, ambako ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 mwanzoni mwa karne ya 20, daktari G. D. Hale Carpenter alitumwa visiwani katika Ziwa Viktoria kuwachunguza mbung'o, naye akatumia fursa hiyo kuchunguza rangi za wadudu, hata mwaka 1921 akachapisha majaribio aliyoyafanya kwa tumbili.

Katanga, yaani nchi inayoizunguka Lubumbashi, nayo iliingia katika historia hii kwa mlango huohuo wa malale. Joseph Bequaert, Mbelgiji, alifika huko akiwa mtaalamu wa wadudu katika tume ya ugonjwa huo iliyofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1912, akakusanya wadudu karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwaka 1918 akachapisha uchambuzi mpana wa nyigu wa Kongo. Kazi hiyo ina uzito wa pekee katika suala la mwigo, kwa sababu nakala haiwezi kutambuliwa pale ambapo asili yake haijaainishwa.

Tangu tanuri ya shaba ilipowashwa Lubumbashi mwaka 1911, mji ulikua na mahitaji ya kuni na makaa yakakua pamoja nao, na miombo iliyo kandokando ya barabara imeendelea kukatwa hadi leo. Ukataji wa mti mkubwa huondoa mti wenyewe pamoja na gogo ambalo mti huo ungekuja kuwa baada ya kufa, na gogo hilo ndilo makao ya buu. Hivyo uhai wa mbawakawa mwigaji umefungwa na mambo mawili, nyigu anayeogopwa na mti mkavu ulioachwa msituni. Na mpango wowote wa kuhifadhi miombo ya Haut-Katanga utakaohesabu miti mibichi peke yake utakuwa umeacha nje ya hesabu nusu ya maisha ya msitu huo.