Ngozi Ilipoingia Katika Kipimo cha Sabuni

Kwa karne nyingi sabuni ilisifiwa kwa kung'oa uchafu, ngozi ikisahauliwa. Mwaka 1928 watafiti Schade na Marchionini, wa Ujerumani, walieleza kwamba uso wa ngozi una asidi. Sabuni ya kawaida, yenye pH ya 9 hadi 10, yaani ya alkali, huvuruga asidi hiyo, huvimbisha protini za tabaka la nje na kuondoa mafuta yanayozuia maji yasipotee. Mwaka 1979 Frosch na Kligman, Marekani, walizijaribu sabuni kwenye ngozi za watu. Ukali wake ukatofautiana sana. Watakaosema wazee walioga kwa sabuni kali wakasalimika wana hoja, kwani ngozi yenye afya hujirekebisha. Lakini mikono ya muuguzi, inayooshwa kutwa, haipati nafasi hiyo. Visafishaji laini navyo huondoa mafuta, ila kidogo. Ndiyo maana upole unastahili kupimwa, si kutangazwa tu.